Mhariri, faida ya nyumba ya kupangisha ihesabiwe baada ya benki na kodi

Mhariri, salamu na pole na kazi. Mi ni msomaji wenu wa muda mrefu na kurasa za uwekezaji ndo naanza nazo kabla hata ya michezo. Naandika kwasababu kila mkigusa habari za nyumba za kupangisha, na hata kwenye yale matangazo ya madalali mnayoweka pembeni, faida inatajwa kwa hesabu moja tu: chukua pango la mwaka, gawanya kwa bei ya nyumba, basi. Nyumba imenunuliwa 1,000 inaingiza 80 kwa mwaka, inaandikwa faida asilimia 8 na watu wanakimbilia. Hiyo 8 sio uongo, ila haifiki mfukoni kwa mtu. Kabla haijafika kuna matumizi ya nyumba yenyewe, kuna benki, kuna serikali, na hao wawili wa mwisho wanabadilisha viwango vyao bila kukuuliza wewe mwenye nyumba una hali gani. Watu wanaweka kiinua mgongo chao chote humo, na inaniuma kuona wanaamua kwa namba ambayo haiwaambii kitu.

Ngoja nipige hesabu hapa hapa, na sitaji hela ya nchi yoyote ili kila mtu aweke yake. Nyumba ni 1,000. Una 300 zako, 700 umekopa benki kwa riba ya asilimia 6, kulipa miaka 25. Pango la mwaka ni 80. Toa matumizi, yaani ukarabati, bima, kodi ya jengo, anayekusanya pango, na ule muda nyumba inakaa tupu, tuseme 20 (na hapo nimekadiria kwa upole, nyumba ikizeeka inakula zaidi). Inabaki 60. Sasa rejesho la benki, kwa riba hiyo na miaka hiyo, linakuja kama 4.51 kwa mwezi, kwa mwaka 54.1. Kwa hiyo baada ya benki una 5.9. Kwenye 300 zako hiyo ni kama asilimia 2. Asilimia 8 ya kwenye tangazo imeshakuwa 2 na serikali bado haijapiga hodi.

Kusema kweli ndani ya lile rejesho kuna sehemu inayopunguza deni, mwaka wa kwanza ni kama 12.5, na hiyo ni mali yako, sikatai. Ila hainunui chakula na hailipi fundi wa paa, utaiona siku ukiuza au ukimaliza mkopo.

Sasa riba ipande kutoka 6 mpaka 9. Pointi 3 tu, na wala sio kitu cha ajabu, Marekani benki kuu yao ilikuwa na riba karibu na sifuri mpaka Machi 2022, ilipofika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na mkopo wa nyumba wa miaka 30 ambao mwanzoni mwa 2021 ulikuwa chini ya asilimia 3 ulikaribia 8 Oktoba 2023. Kwa riba ya 9 rejesho lako linatoka 54.1 linafika 70.5. Nyumba inakuachia 60. Kila mwaka unatoa mfukoni 10.5 kuilisha nyumba ambayo ulinunua ikulishe wewe. Na pango halijashuka hata kidogo, mpangaji ni yule yule, analipa tarehe ile ile, kosa hana.

Hapo ndo wengi hawaelewi, wanadhani riba ikipanda kidogo na faida inapungua kidogo. Sivyo. Faida ni kile kinachobaki mwisho kabisa baada ya wote kuchukua chao, na kitu kinachobaki mwisho kikiwa kidogo basi mtikisiko mdogo huko juu unakifuta chote.

Kuna mzee mmoja namfahamu alinionyesha barua yake ya mkopo. Ina kipengele kimoja katikati ya ukurasa wa tatu, maandishi madogo, kinasema riba inaweza kurekebishwa na mkopeshaji kwa kutoa taarifa. Hakuna ukomo wa kupanda, hakuna mara ngapi kwa mwaka. Na riba ilipopanda, benki ikamwambia asihofu, rejesho lake litabaki lile lile, wao watamwongezea tu muda. Akashukuru. Mi nilikaa nikapiga hesabu kwa mfano wa nyumba yetu ya 1,000 ili aone: ukiendelea kulipa 4.51 kwa mwezi na riba ikawa asilimia 7, ule mkopo wa miaka 25 unakuwa wa karibu miaka 34. Miaka 9 ya ziada kwa pointi moja! Na riba ikizidi kama asilimia 7.7 hakuna muda wowote utakaotosha, kwasababu riba ya mwezi peke yake inakuwa kubwa kuliko rejesho, kwa riba ya 9 unadaiwa 5.25 ya riba kila mwezi na wewe unalipa 4.51, deni linakua huku unalipa kila mwezi bila kukosa. Yaani mtu anaweza kuwa mlipaji mzuri kuliko wote na bado deni linapanda. Hili jambo linatakiwa liandikwe gazetini kwa herufi kubwa.

Wenzetu wengine wana kinga. Marekani mkopo wa kawaida wa nyumba riba yake inafungwa miaka 30, ndo maana riba zilipopanda wale waliokopa zamani kwa asilimia 3 walikaa kimya majumbani kwao na hawataki kuuza, kwasababu wakiuza na kununua nyingine wanaingia kwenye riba mpya. Uingereza wengi wanafunga miaka 2 au 5 halafu wanaingia sokoni upya, kwa hiyo maumivu yanachelewa lakini yanafika. Sasa wewe mwenye riba inayopanda na kushuka muda wowote huna hata huo muda wa kujipanga, na tangazo la asilimia 8 halitofautishi kati ya hawa watatu. Nyumba inaweza kuwa ile ile, pango lile lile, ila mkopo wa aina tofauti ni uwekezaji tofauti kabisa.

Riba haiishii kwenye rejesho, inakufuata mpaka kwenye bei ya nyumba. Hata wewe usiye na mkopo inakuhusu. Mnunuzi wa nyumba ya biashara anajiuliza, hela yangu nikiiweka kwenye hati fungani za serikali, yaani nikiikopesha serikali kwa riba, napata ngapi bila kusumbuana na mabomba na wapangaji? Riba ya zile hati ikipanda na yeye anadai zaidi kwenye nyumba. Nyumba yetu inaacha 60 safi kwa mwaka. Mnunuzi anayeridhika na asilimia 6 atatoa 1,000. Akianza kudai 7.5, kwa zile 60 hizo hizo atatoa 800. Nyumba haijapata ufa, mtaa ni ule ule, ila imeshuka thamani kwa 200. Na kama una deni la 700 ndani yake basi zile 300 zako zimebaki 100. Bei imeshuka asilimia 20, wewe umepoteza theluthi mbili ya hela yako.

Na ukigeuza inakuwa hivyo hivyo upande wa pili, na hii ndo iliyotajirisha watu wengi wakadhani ni akili zao. Mnunuzi akiridhika na asilimia 5 nyumba ile ile inakuwa 1,200 na 300 zako zimekuwa 500. Mkopo wa nyumba wa Marekani ulizidi asilimia 18 mwaka 1981 wakati Paul Volcker, mkuu wa benki kuu yao, anapambana na mfumuko wa bei, tangu hapo riba zikawa zinashuka na kupumzika na kushuka tena kwa karibu miaka 40. Mtu aliyenunua nyumba katikati ya mteremko huo na kukaa tu alipata faida kubwa ambayo sehemu yake nzuri haikutoka kwenye pango, ilitoka kwenye riba kushuka. Sasa huyo huyo anasimama mbele ya vijana anawaambia nyumba haijawahi kumtupa mtu, na nyie mnamnukuu. Mngemuuliza alinunua mwaka gani na riba ilikuwa ngapi siku hiyo na ngapi siku aliyouza. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nije kwenye pango, maana hapa ndo kila mwenye nyumba anakimbilia akibanwa. Anasema riba imepanda, basi naongeza pango. Na hesabu mwanzoni inampa moyo: pango likipanda asilimia 5, kutoka 80 kwenda 84, na matumizi yakabaki palepale, ile 5.9 yetu inakuwa 9.9, faida imepanda karibu asilimia 70 kwa ongezeko la asilimia 5. Tamu sana. Lakini fikiria mpangaji akihama. Mwezi mmoja tupu juu ya ule muda tuliokwisha kukadiria ni 6.67, na faida yote ya mwaka ilikuwa 5.9, kwa hiyo mwezi mmoja umemeza mwaka mzima na kukuacha na pengo. Ongezeko lako ni 0.33 kwa mwezi, utahitaji miezi 20 ya mpangaji mpya kurudisha ule mwezi mmoja tu, hapo hujapaka rangi hujamlipa dalali. Mi naona mpangaji anayelipa vizuri na kutunza nyumba ana thamani kuliko ongezeko la asilimia 5, na wenye nyumba wengi wangewaheshimu wapangaji wao zaidi kama wangeipiga hii hesabu kwa kalamu.

Halafu pango lina dari lake, na dari hilo ni mshahara wa mpangaji. Benki ikipandisha riba leo mshahara haupandi leo. Ni kweli riba ikiwa juu watu waliotaka kununua wanashindwa wanaendelea kupanga, wapangaji wanakuwa wengi na pango linasukumwa juu, ila hilo linachukua muda, na mikataba ya mwaka mmoja au miwili inalichelewesha zaidi, wakati rejesho la benki linabadilika mwezi unaofuata. Kati ya hapo ndo watu wanauza kwa hasara.

Na wakati mwingine serikali yenyewe inaweka dari. Berlin walizuia pango lisipande kwa sheria ya mji Februari 2020, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta Aprili 2021 ikisema mji haukuwa na mamlaka hayo, na wapangaji wengi wakaambiwa walipe tofauti kati ya pango la mkataba na lile la sheria kwa miezi iliyopita. Ukiwa mwenye nyumba ulipanga bajeti kwa pango gani hapo katikati? Ukiwa mpangaji ambaye ile tofauti ulishaitumia je? Sisemi wapangaji wasilindwe, wanatakiwa kulindwa na mi nimepanga sehemu kubwa ya maisha yangu, ila sheria ikibadilika mara mbili ndani ya miezi 14 inawaumiza wote wawili.

Sasa kodi ya serikali. Hapa naomba wasomaji wawe makini kwasababu watu wanauliza kodi ni asilimia ngapi, wakati swali kubwa ni asilimia ya NINI. Chukua tena nyumba yetu kwa riba ya 6. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni kama 41.7. Kama sheria inaruhusu utoe riba kabla ya kodi, faida yako ya kodi ni 60 toa 41.7, inabaki 18.3. Kodi ikiwa asilimia 30 unalipa 5.5, na mfukoni kwenye ile 5.9 inabaki 0.4. Ndogo lakini bado uko juu ya maji. Kama sheria hairuhusu kutoa riba, asilimia ile ile 30 inapigwa kwenye 60, unalipa 18, na wewe ulikuwa na 5.9 tu. Unatoa mfukoni 12.1. Na kama kodi inapigwa kwenye pango lote bila kutoa chochote, hata iwe asilimia 10 tu ambayo inaonekana ya huruma, ni 8, na bado inazidi ulichobakiwa nacho. Kodi ya namna hiyo ni rahisi kukusanya na rahisi kuielewa, na kwa asiye na mkopo inaweza kumfaa kabisa, ila kwa mwenye mkopo haijali kama mwaka huu amepata hasara.

Na haya sio ya kufikirika. Uingereza waliamua kuwanyima wenye nyumba binafsi haki ya kutoa riba kwenye mapato, wakaanza Aprili 2017 wakapunguza robo kwa robo mpaka Aprili 2020 ikaisha, badala yake wanapewa punguzo la asilimia 20 ya riba waliyolipa. Sasa mtu aliye kwenye kodi ya asilimia 40, nyumba inamwachia 60, riba ni 50, faida yake halisi ni 10. Kodi inapigwa kwenye 60, ni 24, toa punguzo la 10, analipa 14. Faida 10 kodi 14. Wakati riba ziko chini watu hawakuisikia sana, zilipopanda 2022 na 2023 ndo ikauma, kwasababu hivi vitu vinazidishana, kodi ambayo ilikuwa inavumilika kwenye riba ya 2 haivumiliki kwenye riba ya 6. New Zealand nao walianza kuiondoa haki hiyo Oktoba 2021, serikali ikabadilika baada ya uchaguzi wa 2023, ikarudishwa asilimia 80 Aprili 2024 na yote Aprili 2025. Mkopo wa nyumba ni miaka 25, na ndani ya miaka minne tu sheria imeenda na kurudi.

Marekani mwaka 1986 walifanya mageuzi makubwa ya kodi. Kabla ya hapo nyumba za kupangisha ziliruhusiwa kushushwa thamani kwenye vitabu kwa miaka 19, yaani kila mwaka unatoa kipande cha bei ya jengo kwenye mapato kabla ya kodi, wakaipeleka mpaka 27.5, na wakazuia watu wasio waendeshaji halisi wa biashara hiyo kutumia hasara ya majengo kupunguza kodi ya mshahara wao. Kulikuwa na vikundi vingi vya wawekezaji vilivyonunua majengo yasiyo na faida yoyote ya pango, faida yake ilikuwa ni hiyo nafuu ya kodi tu. Nafuu ilipoondoka hakuna kilichobaki. Kwa hiyo ukiona mradi unaokuvutia kwasababu ya msamaha wa kodi peke yake, ondoa msamaha kwenye hesabu uone kama bado unasimama.

Kuna na kodi za mlangoni, wakati wa kununua na kuuza. Uingereza anayenunua nyumba ya ziada anaongezewa ushuru, ulianza asilimia 3 mwaka 2016 ukawa 5 tarehe 31 Oktoba 2024. Singapore mgeni anayenunua nyumba ya kuishi anatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 60 tangu Aprili 2023. Hizi zinamuumiza zaidi mtu wa kununua na kuuza fasta, ushuru wa asilimia 5 ukikaa na nyumba miaka 2 umekula 2.5 kila mwaka, ukikaa miaka 20 umekula robo ya asilimia kwa mwaka. Na kodi ya faida unayoipata wakati wa kuuza mali, mahali ambapo mfumuko wa bei hauondolewi kwanza, inaweza kukutoza kwenye faida ambayo haipo: umenunua 1,000 umeuza 1,500 baada ya miaka 10, na bei za vitu vyote nazo zimepanda nusu, hujapata kitu zaidi ya ulichoweka, lakini kodi ya asilimia 15 kwenye ile 500 ni 75 na unatakiwa uilipe.

Mhariri, sio kwamba nawakatisha watu tamaa na nyumba. Deni lenye riba iliyofungwa wakati bei za vitu zinapanda ni msaada mkubwa kwa mkopaji, na nyumba iliyolipwa nusu ya bei kwa hela taslimu inastahimili mengi ya hayo niliyoyataja. Kwenye mfano wetu ukikopa 500 badala ya 700, hata riba ikifika 9 rejesho ni kama 50.4 na nyumba bado inakuachia karibu 10 kabla ya kodi. Nyumba ni hiyo hiyo, riba hiyo hiyo, tofauti ni deni.

Ninachoomba ni kwenu nyie wa gazeti. Mkiandika faida ya nyumba, andikeni namba tatu: kinachobaki baada ya matumizi, kinachobaki baada ya benki, na kinachobaki baada ya kodi, halafu mwonyeshe hizo hizo kama riba ikipanda pointi 2 na nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja wa ziada. Matangazo ya madalali yanayosema asilimia 8 yalazimishwe kusema ni kabla ya nini. Na waandishi wenu wakienda kwenye mikutano ya mabenki waulize swali moja kwa niaba yetu: kwanini barua ya mkopo isiwe na jedwali dogo linaloonyesha rejesho litakuwa ngapi riba ikipanda pointi 1, 2 na 3, na kwa kiwango gani rejesho la sasa halitatosha hata kulipa riba. Kompyuta zao zinazo hizo namba tayari. Mpaka watakapokubali, msomaji anayetaka kusaini mkopo wiki hii achukue deni lake, alizidishe kwa riba mpya anayoiogopa, agawanye kwa 12, alinganishe na rejesho la mwezi aliloandikiwa. Kama namba ya kwanza ni kubwa, asisaini kwanza, arudi kwa meneja akaulize.

Wenu msomaji wa kurasa za uwekezaji